Supiera Niliyoiomba Iwe Matabishi

Ngoie mwanangu,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na nyumba imetulia kidogo. Nimekaa kwenye meza ya sebuleni, mbele ya arjantie, lile kabati letu la vioo, na daftari la mdogo wako nimelichana katikati ili nipate karatasi. Barua hii nitaitia ndani ya mkoba wako pamoja na chaja ya simu, kwa sababu najua ukirudi utaitafuta chaja kabla ya kitu kingine chochote. Isome leo. Kesho asubuhi, pale kwenye basi la Lubumbashi, itakuwa imechelewa.

Sitakwambia namna ya kuishi na mume. Shangazi zako wamekwambia Jumamosi nzima mpaka nikaona macho yako yanajifumba. Wala sitakwambia namna ya kupika bukari, ugali wetu. Unaisonga vizuri kuliko mimi, na wote nyumbani humu wanajua, ingawa leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukubali.

Nataka kujibu swali lako. Siku kumi na mbili zilizopita ulifungua arjantie ili ufunge vyombo vyako, ukasimama pale mkono kiunoni.

"Mama, masahani yangu iko wapi? Na ile unga inafanya nini humu ndani?"

"Funga ule mulango," nilikwambia.

Ulifunga. Tangu siku hiyo unaniambia "ndiyo, mama" na "hapana, mama", basi. Nilikusikia jikoni ukimwambia shangazi yako kwamba nimeuza sahani zako ili nipate pesa za kuendeshea sherehe. Shangazi yako akasema mimi tangu zamani napenda bei kuliko watu. Nilikuwa nyuma ya mlango na beseni la mchicha, nikarudi nyuma polepole. Kuziuza, nimeziuza kweli. Habari ya sherehe si kweli, lakini ukweli wenyewe ni mbaya kuliko huo unaoudhani.

Unazijua sahani zile kuliko mtu yeyote. Kumi na mbili, nyeupe, zenye uzi wa dhahabu ukingoni na ua dogo la buluu upande mmoja. Pamoja nazo ile supiera, bakuli kubwa la mchuzi lenye masikio mawili, ambalo halikuwa na kifuniko, nami nikalifanya la kuwekea machungwa ya plastiki. Ulipokuwa na miaka saba nilikuruhusu kuzipangusa kwa mara ya kwanza, karibu na Noeli, ukawa unaziinua moja moja kwa mikono miwili huku ulimi umetoka nje. Siku ile nikakuahidi kwamba ukiolewa zote ni zako. Jioni hiyo hiyo alikuja padri, akakupa biskuti, nawe hukuipokea mpaka ulipogeuka kunitazama usoni. Nilitikisa kichwa kukubali, ukapokea. Nilikulea hivyo, na kila mgeni alinisifu.

Sasa kumbuka jambo moja. Je, ulimwona baba yako hata siku moja akila ndani ya sahani zile? Padri alikula. Bosi wake wa kazini alikula, akaomba kuongezwa. Baba yako alidai sahani yake ya bati, ile iliyobanduka rangi, hata siku ya Pasaka. Nilikwambia ameizoea tangu kijijini kwao. Nilikudanganya. Na ulipouliza zilitoka wapi, nilikwambia nilizinunua kwa mama mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa anarudi kwao. Huo nao ulikuwa uongo, na niliusema miaka mingi hata nikaanza kumwona yule mama, na kofia yake.

Nianze na macho yangu, maana ndiyo yaliyonifikisha hapa. Nilikulia Kabongo, nyumba ya watoto saba tuliokula ndani ya beseni moja lililozibwa tobo kwa lami. Nilipoolewa nikaletwa Kolwezi, ndani ya nyumba ya kampuni yenye sakafu ya saruji na taa inayowaka, nilitaka vitu vizuri mpaka nikawa naviota. Bado navipenda, na kwa hilo sitamwomba mtu msamaha. Lakini mshahara wa baba yako ulikuwa wa kulisha watoto, haukuwa wa kupamba sebule. Basi nikajifunza kutafuta vizuri kwa bei ya kutupa.

Mbinu zangu zote unazo. Gonga sahani kwa kifundo cha kidole: ikilia ni nzima, ikinong'ona ina ufa. Iinue kwenye jua uone kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Nenda wakati mikataba ya wageni wa migodini inapoisha, wanapouza vyombo vyao wakiwa na haraka ya ndege. Usikitazame kile unachokitaka. Uliza kwanza bei ya kitu usichokitaka, ushangae, uondoke hatua tatu. Na bei ikishakubaliwa, ndipo uombe matabishi, kile cha nyongeza cha bure ambacho muuzaji wa hapa kwetu hawezi kukunyima bila kuonekana mchoyo. Mapazia haya mazito niliyapata hivyo. Chupa ya chai ya chuma niliipata hivyo, kama matabishi ya meza. Wanawake wa mtaa walikuwa wanakuja kunichukua niwasindikize kununua, nami natangulia kifua mbele.

Na wewe umerithi. Mwezi uliopita uliingia hapa unahema, umebeba sufuria nne za vifuniko vya kioo, ulizozinunua kwa mama mmoja wa ule mtaa ambao nyumba zake zimepigwa alama nyekundu kwa sababu mgodi unapanuka. "Na matabishi akanipatia kisu ya mukate!" ulisema. Tulicheka. Nilizigonga sufuria moja moja, nikakusifu, nikasema damu haipotei. Hakuna kati yetu aliyeuliza yule mama anahamia wapi, na huko atapikia nini.

Sasa nikwambie habari za Mbombo. Hujawahi kunisikia nikilitaja jina hilo.

Alikuwa jirani yetu hapa hapa mtaani Dilala, katika nyumba hizi zilizojengwa mbili mbili kwa ukuta mmoja. Upande huu sisi, upande ule yeye, mumewe aliyekuwa karani, na watoto wao wanne. Babu yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Baba yake alizaliwa hapa, yeye alizaliwa hapa, na hiyo Kasai hakuwahi kuiona kwa macho. Nilipojifungua kaka yako Ilunga, nikiwa msichana asiyejua kitu, Mbombo ndiye aliyemwogesha mtoto wiki mbili nzima na kunikanda kwa maji ya moto. Siku ya ubatizo alitupikia kuku na wali, akaniwekea ndani ya sahani yenye ua la buluu. Nilikula polepole ili chakula kisiishe nikalazimika kuirudisha. Nilimpenda sana mwanamke yule, na nataka ulijue hilo kabla hujasoma yanayofuata.

Kisha ukaja ule mwaka watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa katika Katanga yetu hii. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Watu walipita mtaani wakiimba, mawe yakaanguka juu ya mabati ya upande ule wa ukuta, na baada ya siku chache akina Mbombo wakakimbilia gare, stesheni ya reli, pamoja na umati wa wenzao, kungojea treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Walilala kando ya reli chini ya maturubai, wiki baada ya wiki, wakati wa mvua.

Baba yako bado alikuwa anapewa unga kazini. Watu wa kwetu wakaanza kwenda gare. Wengine walipeleka chakula, Mungu awabariki. Wengi walirudi na redio, magodoro, cherehani. Mwenye njaa alikuwa anauza chochote kwa unga, na jioni majirani walisimama uani kuonyeshana walichopata. Mimi, hodari wa bei, nilikaa ndani wiki mbili nikiwasikiliza. Roho yangu haikutulia, na nakwambia wazi kwamba haikuwa huruma peke yake.

Wiki ya tatu baba yako aliniambia, "Mama Ilunga, beba unga, upelekee Mbombo. Batoto banakufa na njala kule ku gare."

Nikajaza mfuko mkubwa. Nikachukua na meka, ule mkebe tunaopimia unga sokoni. Mpaka leo sijui kwa nini niliuchukua. Mtu anayepeleka zawadi habebi kipimo.

Nilimkuta ametandika kitenge chini, juu yake amepanga pasi ya makaa na sahani zote kumi na mbili. Supiera ilikuwa pembeni, ina uji wa mtoto. Kifuniko chake kilikuwa kimefunika ndoo ya maji, maana nzi walikuwa wengi na watu wameanza kuharisha. Alikuwa amekonda mpaka nikamtambua kwa sauti.

"Mama Ilunga," alisema, akainuka. "Nilijua utakuya."

Hapo ndipo ningempa mfuko. Ni kunyoosha mkono tu. Lakini macho yangu yalikuwa yameshaziona sahani, na mdomo wangu ukasema neno nisilolipanga.

"Ile pasi, bei gani?"

Pasi! Nyumbani nilikuwa na pasi mbili. Nilikuwa nafanya ile mbinu yangu ya kuuliza nisichokitaka, na ninamfanyia Mbombo, ambaye tulizunguka sokoni pamoja kila Jumamosi na ambaye nusu ya mbinu hizo ndiye aliyenifundisha. Alinitazama, akaelewa kabla sijamaliza kusema.

"Mi nakujua," alisema. "Sema tu ile unapenda. Masahani, njo ile?"

"Njo ile."

"Meka tano."

"Mbili."

"Mama Ilunga, iko masahani kumi na mbili. Niko na batoto bane."

"Hapa kila mutu anauzisha masahani," nikamwambia.

Na ilikuwa kweli. Mbombo akasema, "Leta."

Unajua jinsi meka inavyojazwa. Mtu wa haki anaitikisa, anaigonga chini mara tatu, unga unashuka, anaongeza mpaka unapanda kilima. Mimi nilimimina taratibu, unga ukakaa na hewa ndani, nikasawazisha juu kwa kiganja. Meka mbili za namna hiyo. Unga mwingine ulibaki mfukoni, nikaufunga kamba mbele ya macho yake. Mumewe aligeuka akatazama reli.

"Na matabishi?" nikauliza.

Sikuuliza kwa ukali, Ngoie. Niliuliza kwa kuchekacheka, kana kwamba bado tuko kwenye matembezi yetu ya Jumamosi. Mbombo aliivuta supiera, akamlisha binti yake mdogo ule uji uliobaki, kwa kidole, mpaka ukaisha. Akaipangusa ndani kwa pindo la kitenge chake, akanipa.

"Na kifuniko yake?" nikasema.

"Ile, hapana. Ile inafunika mayi ya batoto."

Hata kifuniko nilikiomba. Nimejaribu mara nyingi kujisimulia kisa hiki bila sehemu hiyo, na siwezi. Treni yao ilikuja siku chache baadaye, nami sikwenda kumuaga.

Nyumbani baba yako aliuliza, "Ulimupatia?" Nikasema nilimpatia. Aliuona mfuko umerudi na unga ndani. Aliona sahani juu ya meza, nimeshaanza kuzipanga. Alikwenda jikoni akachukua sahani yake ya bati, na kuanzia siku ile mpaka tulipomzika hatukulizungumza jambo hilo hata mara moja. Ningefurahi angenipigia kelele.

Sasa nakuja kwenye mwaka huu. Kabla ya mahari yako kukamilika nilikwenda kununua unga kwa mama mmoja mgeni anayeuza karibu na shule, ambaye watu wanamsifu kwamba anapima kwa haki. Jina lake Kapinga. Nikamuuliza ametoka wapi, kwa kupiga soga tu.

"Mi ni wa hapa hapa Dilala, mama. Nilizaliwaka hapa. Balitufukuzaka nikiwa mudogo, sasa nimerudia kutafuta maisha."

"Mama yako njo nani?"

"Mbombo. Alikufaka mu train, mbele ya kufika Mwene-Ditu, kule Kasai. Mi nilikuwa na miaka ine."

Nililipa, nikaondoka. Nilipofika nyumbani nilikaa chini jikoni na siku ile hamkupikiwa, mkasema nina malaria. Miaka yote nilijiambia kwamba Mbombo yuko mahali fulani Kasai, amenenepa, ana sahani nyingine, na ananilaani kila akila. Kulaaniwa na mtu aliye hai nilikuwa nimekuzoea.

Wiki iliyofuata, ulipokuwa kwa mshonaji, nilizifunga sahani katika boksi, kila moja ndani ya kipande cha sare yako ya shule ya zamani. Nikapanda taksi-moto, pikipiki ya abiria, boksi mapajani, supiera juu yake. Njia nzima nilikuwa narudia maneno: hizi ni za mama yako, nilimdhulumu, nakurudishia. Niliyarudia mpaka dereva akageuka kuniuliza kama nasema naye.

Kapinga alifunua boksi, akaona.

"Mama, unauzisha?"

"Ndiyo," nikasema.

Nimetafuta sababu siku zote hizi. Naona ni kwamba kuuza ni rahisi. Ukiuza unatazama bidhaa, lakini ukikiri lazima umtazame mtu, na mimi sikuweza. Yeye alizigonga kwa kifundo cha kidole, akaziinua kwenye jua. Nikaona kidole gumba chake kimesimama juu ya lile ua la buluu.

"Leo sina makuta," alisema. "Nitakupatia unga. Na matabishi, mama?"

Nikampa supiera.

Hakunishukuru. Alipita nyuma ya magunia, akarudi na kitu kilichofungwa ndani ya kitambaa. Kilikuwa kifuniko. Kishikio chake kilivunjika zamani kikagundishwa, lakini ua lilikuwapo. Alikiweka juu ya supiera. Kilikaa.

"Mama," alisema polepole. "Hii bitu, uliipata wapi?"

"Mama yako aliniuzishia. Ku gare."

"Bei gani?"

"Unga."

"Meka ngapi?"

Mwanangu, hapo nilikuwa na nafasi nyingine. Hakuna aliyenishikia kisu. Baba yako amekufa, Mbombo amekufa, hakuna shahidi wa kunisuta.

"Tano," nikasema. "Nilitikisa, nikajaza mpaka ikamwangika. Na chumvi niliongeza."

Kapinga akaanza kulia. Alinishika mikono yote miwili, mikono yake ina unga mpaka kwenye viwiko.

"Kumbe ni weye! Mama alituambiaka. Alisema iko rafiki yake moja, Mama Ilunga, njo alitupatia unga. Ile unga tulikulaka mu train, ni ya kwako!"

Umesoma vizuri. Mbombo hakuwaambia watoto wake kwamba unga ule aliununua. Aliwaambia walipewa. Alikuwa anaondoka na meka mbili zenye hewa, na bado akanifichia aibu yangu mbele ya wanawe. Au labda hakuwa ananifichia mimi, labda hakutaka tu watoto wajue kwamba duniani hawana mtu. Sitajua kamwe, maana wa kumuuliza hayupo.

Kisha Kapinga akachukua mfuko wangu akaanza kupima. Alitikisa, akagonga mara tatu, akaongeza mpaka kilima. Meka tano. Juu yake akaweka pakiti ya chumvi, matabishi. Niliyatazama yote hayo nimesimama. Huo ndio unga uliouona ndani ya arjantie. Siwezi kuupika, na kuumwaga siwezi. Jana niliufungua nikakuta umeingia wadudu. Nikauchekecha, nikaurudisha palepale.

Ungefikiri imeishia hapo. Haikuishia. Sasa nikipita Kapinga ananitolea kiti. Anawaambia wateja wake kwamba huyu ndiye mama aliyewalisha gare, na wateja wananitazama kwa heshima. Nimekwenda kwake mara mbili kumweleza. Mara ya kwanza alikuwa na watu. Mara ya pili alikuwa peke yake, ananimenyea ndizi, nikazungumza habari za mvua. Juzi alisikia kwamba unaondoka. Akaniambia hivi:

"Ile masahani, mi sitaiweka. Ni ya mutoto yako. Mi nabakia na supiera na kifuniko yake, inanitosha. Nitakuya ku bus kumupatia mi mwenyewe, nimushukuru."

Nami nikasema, "Aksanti, mwanangu." Ndilo neno nililolipata.

Kwa hiyo kesho, kabla basi halijaondoka, atakuja mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha manjano kichwani, amebeba boksi ulijualo. Atakushika mikono. Atakushukuru kwa ajili ya unga. Shangazi zako watakuwepo, mume wako atakuwepo, na mimi nitakuwa upande wa mizigo, najifanya kuhesabu mabegi. Sitasema. Najijua. Mara tatu nimetoka nyumbani kwangu na neno la haki mdomoni, na mara zote nikafika nikafanya biashara, nikaogopa watu, au nikazungumza habari za mvua. Usidhani barua hii ni ushujaa. Naandika kwa sababu karatasi hainitazami.

Nimeligeuza jambo hili kila upande. Ukizipokea, Kapinga atarudi kwenye magunia yake na furaha, na wewe utakula maisha yako yote ndani ya sahani ambazo baba yako alizikataa. Ukizikataa, atauliza kwa nini, na ukimjibu utamnyang'anya kitu kimoja chema alichobaki nacho kutoka gare ile, kwamba kulikuwa na mtu aliyewahurumia. Sioni upande mzuri. Mbombo hafikiwi na sahani wala na barua. Na zile sufuria zako za vifuniko vya kioo, nimezifunga katikati ya mashuka kwenye sanduku la pili. Sikuweza kuzitazama tena, lakini nimezifunga vizuri zisivunjike. Ndivyo nilivyo, na sidhani nitabadilika katika umri huu.

Najua barua hii inakugharimu. Asubuhi ulikuwa na mama mchoyo, sasa una huyu. Ungeweza kuondoka ukinidhania mchoyo na baada ya mwaka mmoja ungenisamehe, maana uchoyo wa mama unasameheka. Nilifikiri kukuachia hivyo. Lakini nisingevumilia kukuona umenyoosha mikono kwa Kapinga bila kujua unapokea nini.

Jumamosi, mama mkwe wako alipokupa kile kitenge cha zawadi mbele ya watu wote, nilikuona. Mwanamke mzima, umevaa shela, lakini kabla ya kupokea shingo yako iligeuka kunitafuta. Nilitikisa kichwa, ukapokea. Nililia, na watu walidhani ni furaha.

Kesho Kapinga akikunyooshea lile boksi, usinitazame.

Mama